Moto wa Mhunzi: Jinsi ya Kuupima na Kuutawala katika Kazi ya Visu

Kisu ni chombo kidogo, lakini hapana nyumba isiyokihitaji. Mkulima hukatia mbegu za muhogo, mama hukatia kitoweo, mchinjaji huchunia ngozi. Walakini visu viwili huweza kufanana kama pacha, vimesanwa na mkono mmoja kutoka jani moja la springi ya lori, vimetiwa mipini ya mti mmoja. Kimoja kikadumu miaka kumi, na cha pili kikapinda katika juma la kwanza, au kikakatika kama kigae na kumjeruhi mwenyewe. Mnunuzi aliyetoa fedha yake hulalamika kwamba chuma kilikuwa kibaya, na mhunzi hupoteza jina lake gulioni. Aghalabu chuma hakina lawama. Tofauti ya visu vile ilitokea katika dakika chache za mwisho wa kazi, kilipotiwa motoni kwa ajili ya kupewa ugumu, na mhunzi hakujua joto la moto ule lilikuwa kadiri gani.

Katika habari hizi twataka kueleza mambo matatu: kwanza, kwa nini joto la moto huo lina neno kubwa hivi, pili, jinsi ya kulipima, kwa vyombo vya gharama na kwa vitu visivyo na gharama, na tatu, jinsi ya kulitawala lisizidi wala lisipungue.

KINACHOTUKIA NDANI YA CHUMA

Feleji, ambayo wengine huiita chuma cha pua, ni chuma kilichochanganyika na kaboni, yaani kitu kile kile kilicho asili ya makaa. Kaboni hiyo ni haba sana. Katika springi za magari mara nyingi ni karibu sehemu 6 katika 1,000, na katika tupa nzuri ni yapata sehemu 10 au zaidi katika 1,000. Lakini uhaba huo ndio unaotenga feleji na chuma hafifu. Chuma laini cha misumari hakina kaboni ya kutosha, na hata mhunzi akikitia moto namna gani, hakitashika makali.

Feleji ikiwa baridi, kaboni yake imejitenga, kama chumvi iliyotuama chini ya maji. Ikipata joto lipitalo digrii 727 za Selsiasi, mpango wa chembe za chuma hugeuka, na kaboni huanza kuenea ndani yake kama chumvi ienavyo katika maji ya moto, ijapokuwa chuma chenyewe bado hakijayeyuka. Mhunzi akikichovya ghafula katika mafuta wakati huo, kaboni haipati nafasi ya kurudi ilikotoka. Hunaswa humo humo, kama samaki walionaswa katika uzio maji yakupwapo, na chembe za chuma hukazana. Huo ndio ugumu wa kisu. Wenye elimu ya madini huiita hali hiyo martensaiti, kwa jina la Adolf Martens, Mjerumani aliyechunguza madini kwa darubini katika karne ya 19.

Sasa msomaji ataona neno lilipo. Joto likiwa pungufu, kaboni haienei yote, na kisu hubaki laini. Kitapinda, na makali yake yatalala. Joto likizidi mno, chembe za chuma hukua, kana kwamba punje za ulezi zimegeuka kuwa punje za mahindi, na kisu huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Springi ya kawaida ya gari hutaka kuchovywa ikiwa na joto la kati ya digrii 820 na 850. Tupa, kwa kuwa ina kaboni nyingi zaidi, hutaka joto dogo kuliko hilo, yapata digrii 790. Basi mahali pa usalama ni pembamba, na mhunzi anayekadiria tu huweza kupakosa kwa digrii 50 au 100 bila kujua.

SHAHIDI WA KWANZA: RANGI

Tangu zamani wahunzi wamepima moto kwa jicho, wala jicho si la kudharauliwa. Chuma huanza kung'aa kidogo gizani kikipita digrii 500. Karibu na digrii 700 huwa chekundu kilichofifia. Karibu na 800 huwa na wekundu wa pilipili iliyoiva. Karibu na 1,000 huwa na rangi ya chungwa. Na baadaye huwa cha manjano, kisha cheupe.

Lakini shahidi huyu husema kweli mahali penye kivuli tu. Chuma kinachoonekana chekundu sana ndani ya kibanda, kikitolewa juani saa sita huonekana kana kwamba hakijapata moto. Mhunzi afanyaye kazi nje mchana hukiongezea moto mpaka aone wekundu ule ule alioona asubuhi, na kumbe amekwisha kukiunguza. Kwa hiyo yafaa kazi ya kutia ugumu ifanyike mahali penye kivuli kizito, na mwangaza wa mahali hapo uwe ule ule kila siku.

Jambo jingine la kutazamia ni hili. Feleji inapopita katika lile badiliko la ndani, hunywa joto jingi bila kuzidi kung'aa. Mtu akitazama kwa makini katika kivuli ataona wingu jeusi likitembea juu ya kisu, kisha likitoweka. Wingu hilo likiisha kutoweka kila mahali, badiliko limekwisha kupita.

SHAHIDI WA PILI: SUMAKU

Chuma kikifika karibu na digrii 770, au chini kidogo kwa feleji yenye kaboni nyingi, hakivutwi tena na sumaku. Mhunzi akifunga sumaku ndogo kwenye ncha ya waya mrefu, akaigusisha kisu kwa kufumba na kufumbua jicho, atajua kama kisu kimefika hapo au la. Asiiache sumaku juu ya kisu, maana nayo ikipata moto hupoteza nguvu yake.

Wengi husikia habari hii nusu. Hudhani kwamba sumaku ikikataa, saa ya kuchovya imewadia. Sivyo. Kwa springi bado zimesalia digrii 50 au 60 au zaidi. Sumaku humwambia mhunzi kwamba amefika mlangoni. Haimwambii kwamba ameingia ndani.

SHAHIDI WA TATU: CHUMVI

Chumvi ya kula huyeyuka kwa digrii 801, wala haibadili desturi yake. Chukua kidonge kidogo cha chumvi iliyokaushwa vema juu ya moto, ukitie katika kikombe kidogo cha chuma, ukiweke tanuruni karibu na mahali kisu kitakapolala, lakini kisiguse kisu. Chumvi ikigeuka kuwa kama maji maangavu, mahali pale pamepita digrii 801. Kwa mwenye tanuru la makaa huu ni msaada mkubwa, kwa kuwa sasa anayo alama kamili ya kulinganisha na jicho lake: wekundu auonao wakati huo ndio wekundu wa digrii 801, na springi yataka uzidi kidogo tu.

Lazima chumvi iwe kavu kabisa, maana yenye unyevu hupasuka na kuruka machoni. Wala mtu asimwagie maji chumvi iliyoyeyuka. Tena katika tanuru la umeme isitumiwe mara kwa mara, kwa kuwa mvuke wake hula nyaya za moto.

Si wahunzi peke yao waliotafuta vipimo vya namna hii. Josiah Wedgwood, mfinyanzi wa Uingereza, alitengeneza mwaka 1782 kipimo cha vipande vya udongo vilivyosinyaa kwa kadiri ya moto. Lakini digrii zake zilikuja kuonekana kuwa zimezidi mno. Mwaka 1886 Hermann Seger wa Berlin alitengeneza pia za udongo zilizochanganywa kwa vipimo, kila moja ikiinama kwa joto lake, na wafinyanzi na wachoma matofali wangali wakitumia pia za jinsi hiyo.

NYAYA MBILI ZIPIMAZO MOTO

Chombo kilicho bora kuliko vyote tulivyotaja huitwa themokapo. Kukitazama ni kitu duni: nyaya mbili za madini mbalimbali, zimeunganishwa kwa ncha moja. Thomas Johann Seebeck aliona mwaka 1821 kwamba kiungo cha madini mawili kikipata moto, na ncha nyingine zikibaki baridi, nguvu huamka ndani ya nyaya zile, nayo ndiyo nguvu ya umeme. Moto ukizidi, nguvu nayo huzidi. Katika miaka ya 1880 Mfaransa Henry Le Chatelier alikifanya kiwe kipimo cha kutegemewa katika viwanda.

Aina inayopatikana kwa bei nafuu huitwa K. Uzi wake mmoja ni wa nikeli na kromi, na wa pili ni wa nikeli na alumini kidogo, nayo huvumilia joto la zaidi ya digrii 1,000. Nguvu yake ni ndogo mno. Kwa digrii 800 ni yapata sehemu 33 katika 1,000 za volti moja. Kwa hiyo hufungwa kwenye kisomeo kinachogeuza nguvu hiyo kuwa hesabu ya digrii.

Anayenunua chombo hiki ashike mambo manne. Kwanza, ncha ya nyaya iwe karibu na kisu, maana chombo husema joto la mahali kilipo, wala si la tanuru zima. Karibu na mlango huwa na joto dogo, na karibu na nyaya za umeme huwa na joto jingi. Pili, ikiwa nyaya ni fupi, ziongezwe kwa nyaya maalumu za aina ile ile, si kwa waya wowote, wala zisipishanishwe, maana kisomeo kitasema uongo. Tatu, nyaya zilizokaa motoni muda mrefu huchakaa na kupoteza ukweli. Zijaribiwe mara kwa mara kwa kikombe cha chumvi, ambacho hakizeeki. Nne, asikidhanie kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali kuwa sawa na hiki, kwa sababu vingi vya bei nafuu havifiki digrii 800, na tena hudanganywa na chuma kinachometameta.

KUUTAWALA MOTO

Kupima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuamuru moto usimame ulipofika.

Katika tanuru la makaa, adui ni moto usio sawa. Penye upepo wa mivuo huwa na joto kali, na vidole vichache kando yake huwa na joto dogo. Ncha ya kisu, kwa wembamba wake, huungua kabla ya shina kuwa jekundu. Dawa yake ni bomba nene la chuma, lililozibwa upande mmoja, lilazwe katikati ya makaa, na kisu kiingizwe ndani yake. Bomba hupokea makali ya moto na kuyagawanya, na kisu hupata joto lililo sawa. Kipande kidogo cha kaa kikitiwa ndani pamoja na kisu hupunguza hewa inayotoa magamba juu ya chuma. Bomba lisiwe lililopakwa zinki, kwa kuwa zinki ikiungua hutoa moshi wa kudhuru. Wala kazi isifanywe katika chumba kilichofungwa, maana hewa ya makaa huua bila harufu.

Mivuo nayo ivutwe pole pole mwishoni. Apulizaye kwa nguvu mpaka dakika ya kuchovya hawezi kuuzuia moto usipite mpaka wake.

Katika tanuru la umeme adui ni mwingine. Kidhibiti cha kawaida hukata umeme joto linapofika hesabu iliyowekwa. Lakini nyaya za moto wakati huo zina joto kuliko hewa ya tanuru, nazo huendelea kutoa joto hata umeme ukiisha kukatwa. Hivyo aliyeweka 830 huona 850, kisha 815, kisha tena 840. Vidhibiti vya aina ya PID hutazama jinsi joto linavyopanda, na huanza kupunguza umeme kabla ya kufika, kama nahodha apunguzaye tanga kabla ya kuingia bandarini. Asiye na kidhibiti hicho na aweke hesabu ndogo kwanza, mathalani 780, angoje joto litulie, ndipo aongeze kidogo kidogo.

Hata hesabu ikiwa sawa, kisu kisitolewe mara moja. Kisomeo chaonyesha joto la tanuru, na kisu huchelewa nyuma yake. Rangi ya kisu ikiisha kuwa sawa na rangi ya kuta za tanuru, hata mtu hawezi kukitofautisha nazo, ndipo aanze kuhesabu dakika 5 hadi 10 kwa kisu chembamba. Kisha akate umeme kabla ya kuingiza koleo, maana koleo la chuma likigusa nyaya huleta mauti. Tena tanuru la namna hii lisiachwe peke yake; kifaa kinachokata umeme chaweza kukwama, na moto ukaendelea kupanda.

Mafuta ya kuchovya yawe mengi, ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko, yamepashwa moto kidogo kufika digrii 50 au 60, kwa sababu mafuta yaliyopashwa hupoza chuma upesi kuliko mafuta baridi na mazito. Yakiwaka, yafunikwe; yasimwagiwe maji kamwe.

KUTULIZA KISU

Kisu kilichotoka mafutani ni kigumu kama kioo, na kama kioo huvunjika kikianguka. Tupa hukiteleza bila kukila. Mara kikipoa hata mkono ukaweza kukishika, kirudishwe katika joto dogo, ili kiachie ugumu kidogo na kupata uvumilivu. Kazi hii twaiita kutuliza. Kisu cha jikoni hutulizwa kwa yapata digrii 200, muda wa saa moja au mbili, mara mbili. Panga na shoka, kwa kuwa hupigwa kwa nguvu, hutaka joto kubwa zaidi.

Wahunzi hutazama rangi zinazotokea juu ya chuma kilichosuguliwa: manjano ya majani makavu karibu na digrii 220, kahawia karibu na 255, zambarau karibu na 275, na buluu karibu na 300. Rangi hizo ni za kweli kwa chuma kinachopashwa upesi. Kikikaa saa nzima katika joto la 200, rangi yake huiva kupita ilivyoandikwa. Kwa hiyo anayetuliza katika joko la kuokea mikate asiiamini rangi wala kitasa cha joko, ambacho mara nyingi hukosea. Na aweke kipimajoto kando ya kisu, na kisu chenyewe akifukie katika sufuria ya mchanga mkavu, ambao hupanda na kushuka pole pole na kukiepusha na wimbi la joto.

Kipimajoto nacho hujaribiwa kwa maji yanayochemka. Pwani, kama vile Mombasa au Dar es Salaam, kiseme 100. Nairobi, iliyo juu kwa zaidi ya mita 1,600, kiseme kati ya 94 na 95, maana maji huchemka mapema kila upandapo mlima.

JARIBIO LA VIPANDE VITATU

Feleji ya zamani haina cheti. Hapana ajuaye kwa yakini imechanganywa na nini. Kwa hiyo kabla ya kutengeneza visu kumi kutoka springi moja, mhunzi akate vipande vitatu vyembamba, vitiwe ugumu kwa digrii 800, 830 na 870. Kisha kila kimoja kifungwe katika jiliwa, kifunikwe kwa nguo nzito, mtu avae miwani ya kukinga macho, na kipigwe nyundo kivunjike. Kitakachopinda badala ya kuvunjika hakikupata joto la kutosha. Kitakachovunjika na kuonyesha chembe nene zinazometa kama sukari kimezidishiwa moto. Kinachotakiwa ni kile ambacho mahali pake palipovunjika ni laini na pa kijivu, kama majivu yaliyochungwa. Hesabu ya kipande hicho iandikwe katika daftari, pamoja na muda kilichokaa motoni, na visu vyote vya springi ile vifuate hesabu hiyo.

Daftari hilo lina thamani kuliko tanuru. Mhunzi aliyejua moto kwa jicho la miaka arobaini akifa, jicho lake huzikwa pamoja naye. Lakini hesabu iliyoandikwa hubaki kiwandani. Wazee walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Sasa yafaa mwana huyo, akiwa bado mivuoni, apewe pia kalamu. Waalimu wenye wanafunzi karibu na kiwanda cha mhunzi wanaweza kuwapeleka wakatazame chumvi ikiyeyuka na sumaku ikikataa chuma, wakaandike waliyoyaona. Na wazee wa vijiji wanaoombwa kuwasaidia vijana wa ufundi wajue kwamba sumaku moja, kikombe cha chumvi na kibanda chenye kivuli hugharimu fedha kidogo, navyo hutosha kumwanzisha fundi katika njia ya visu ambavyo mnunuzi hatavirudisha.